Ombi la Kusitisha Dozi ya Nyongeza ya Mtani Wangu Dominiko

Kwa Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya Kijiji,
Milima ya Uluguru, Morogoro.

Mheshimiwa Daktari,

Kichwa cha barua umekisoma, na najua umekirudia mara mbili. Hukukosea. Mimi ni Sufiani Pazi wa Kitongoji cha Bondeni, mkulima wa ndizi, mwenye akili timamu, na hapa nilipo nimekunywa chai tu. Naomba Alhamisi hii, wazee watakapokuja kuchomwa dozi ya nyongeza ya UVIKO, Mzee Dominiko wa kule juu, yule mkulima wa njegere, arudishwe nyumbani bila kuchomwa. Sababu ninazo, na nimezipanga vizuri.

1. Wewe ni mgeni wa milima hii, kwa hiyo nikueleze taratibu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa mama yake Dominiko ni watani tangu enzi za mababu. Akifa yeye, msiba ni wangu. Ni mimi nitakayevaa koti lake, nitembee kama yeye mpaka wafiwa wacheke, kisha niingie kaburini nigome kutoka mpaka nipewe jogoo. Haki hii sikuiomba, nimezaliwa nayo. Nimejiandaa miaka na miaka. Nina kipande cha namna anavyopima njegere huku kidole kikiwa juu ya mizani. Nina kipande cha namna anavyosali rozari akisinzia na kuamka kwenye Amina. Jamani, ni kazi nzuri! Halafu mnakuja ninyi na kisanduku chenu cha barafu.

2. Dozi ya kwanza nilinyamaza. Ya pili pia, maana nilijua mtu ana sukari, ana pumu, na umri umekwenda, sindano itamsaidia nini. Loh! Ugonjwa ukapita kijijini, ukamlaza, nikaenda kabisa kuliangalia lile koti kama linanitosha mabegani. Siku chache baadaye mtu kaamka, kaomba ndizi na maharage, kasafisha sahani. Nikaambiwa ni chanjo. Na kilichonikera zaidi, kikohozi chake kimepungua. Kikohozi kile ndicho kilikuwa nusu ya onyesho langu! Alikuwa akikohoa kanisani, padre anasimamisha mahubiri. Leo nikikikohoa msibani, vijana watauliza huyo ni nani.

3. Masihara yangu yanachacha. Lile la baiskeli yake halifai tena, kaiuza. Lile la jino lake la mbele, jino limeng'oka. Kila masika natunga upya, na mimi mwenyewe si kijana.

4. Binti yake Bernadeta. Wakati wa ugonjwa aliweka benchi mbali na mlango, akatangaza kwamba babake asisogelewe, na anayetaka kumsalimu asimame ng'ambo ya korongo na barakoa yake. Hivi kweli, Daktari, mtani anatukanwa kwa kupigiwa ukelele? Nilipaza sauti kwamba yeye ni mchoyo na ana shingo ndefu, na mtu wa kilima cha tatu, wallahi simjui, akanijibu nimkome. Shikamoo nazo zikawa za kupaza hivyo hivyo, ikawa kila anayepita bondeni anaitikia marahaba, hata watoto wa shule.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mzee kanenepa, ana nguvu, na sasa anawatangazia watu kwenye mashine ya kusaga kwamba atakayemzika mwenzake ni yeye, eti kwa sababu mimi sijachanja hata moja. Mke wangu Mwaisha alimfuma nyuma ya migomba akijifunza kutembea kama mimi. Unadhani alimkemea? Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamsahihisha kwamba mguu ninaouburuta ni wa kushoto. Mke wangu wa ndoa!

6. Sasa twende taratibu. Mkimchoma Alhamisi, anaongeza mwaka. Mwakani mtamchoma tena, ataongeza mwingine. Kwa mwendo huo Dominiko hafi. Asipokufa yeye, wazee wengine nao wataiga, maana huku kwetu mtu hapendi kupitwa. Wazee wakigoma kufa, utani utafanyikia wapi? Jogoo watazeeka mabandani. Mila iliyopita salama mikononi mwa Wajerumani na Waingereza itakuja kumalizwa na nesi mwenye pamba na spiriti! Serikali iko tayari kuibeba lawama hiyo?

Kwa hiyo naomba mojawapo. Ama jina lake lifutwe. Ama, kama Serikali imeng'ang'ana aishi, nipewe mtani mwingine, mwenye nia. Ama nipewe kibali cha kufanya msiba wake yeye mwenyewe akiwepo, akae kwenye kiti, ale pilau, ila asijibu.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi, na yule mama anayetupima presha huku akitusengenya mpaka inapanda. Dominiko naye mkimwona msalimieni, mwambieni amekonda, hapendi kuambiwa hivyo.

Ni mimi niliyeonewa na sindano,
Sufiani Pazi,
Mtani halali.

Nakala: Padre, Sheikh, Mwenyekiti wa Kitongoji, Mwaisha, aliyeko jikoni na anajua alichofanya.

Tanbihi: Daktari, leo ndiyo Alhamisi, na haya nayaandikia gotini, njiani, tukipumzika. Mvua ya jana imekata barabara ya juu, bodaboda hazipandi. Asubuhi Bernadeta kanipigia simu analia, baba yake kasema basi, hashuki, ameishi vya kutosha. Na kitongoji cha pili ule ugonjwa umerudi, umeshachukua wazee. Niliposikia hivyo sikungoja hata chai. Nimepanda, nimemtukana mbele ya wajukuu zake mpaka akakubali, na sasa yuko kwenye machela ya mianzi, mimi mbele, wakwe zake nyuma, yeye juu anatucheka. Ni mzito ajabu. Mwaisha anatangulia na barua hii kwa sababu anakimbia kuliko sisi. Yote niliyoandika huko juu yachomeni moto. Naogopa, Daktari. Huyu akiondoka, nitaamka asubuhi nimtukane nani? Nawaombeni msifunge mpaka tufike, hata kama jua limezama. Bega langu nalo nitalitoa, nimekubali. Lakini ikiwa imebaki moja tu, mchomeni yeye.