Mikanda Thelathini, Watoto Sitini na Mmoja

Jumatatu, 2 Juni 2025
Balaa! Madam Husnah, mwalimu mkuu, kaniita ofisini. Eti wazazi wanauliza kwa nini basi langu la shule halina mikanda ya siti. Ijumaa atalikagua mwenyewe. Nikishindwa, njia yote ya Kyebando anapewa Zéphyrin, yule Mkongomani mwenye kibasi kipya na manukato yanayonukia hadi Mulago.

Nikamweleza kitaalamu. Siti za basi la shule zimekaribiana, migongo yake mirefu, ina sponji. Mtoto akirushwa, anapokelewa. Akauliza sponji iko wapi. Kweli, watoto wameinyofoa yote. Nikasema basi wanapokeana wenyewe, maana wamebanana, hata nikikanyaga breki ghafla hawana pa kurukia. Hakucheka. Mwanamke mgumu!

Jumanne, 3 Juni
Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Watu wako Namugongo wanasali, mimi nazunguka kwa wanajeshi wastaafu wenzangu, naomba mikanda ya sare. Hakuna afande anayetupa mkanda wake, hata akistaafu. Nimepata thelathini! Mzee Olal kautoa wake huku kashikilia suruali kwa mkono. Nimeahidi kuurudisha Ijumaa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeifunga kwenye vyuma vya siti kwa waya. Inang'aa. Nikawafundisha watoto kwata: filimbi moja, kaza, filimbi mbili, legeza. Akullo wa darasa la pili kanipigia saluti. Zéphyrin alipita, akachungulia, akaondoka bila salamu. Wivu tu!

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwisha. Nilipuliza filimbi, watoto thelathini wakakaza, raha tupu. Madam akapiga makofi. Kisha akauliza: Afande Okeny, na hawa thelathini na mmoja waliosimama wanafunga nini?

Miaka minne nawabeba, hakuna aliyewahi kuwahesabu! Mikanda ndiyo iliyonichongea. Sasa najua kwa nini madereva wenye akili hawaitaki.

Akaamuru wasio na mkanda washuke. Zéphyrin alikuwa getini tayari, injini inanguruma. Akawapakia kwa zamu mbili, wanashangilia. Hata Akullo, mwenye mkanda wake kiunoni, akaufungua akamfuata. Iliniuma, sifichi. Na filimbi mbili za kulegeza nilikuwa sijapuliza!

Madam kanipa nafasi ya mwisho. Jumatatu niwapeleke kwa safari tatu, kila mtoto na mkanda wake, la sivyo niage. Mzee Olal naye kaja kudai wake, suruali kaifunga kwa kamba ya katani.

Jumapili, 8 Juni
Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona. Mikanda ilikuwa mifupi mno! Okullo fundi magari ana ule mkanda mpana wa kufungia mizigo kwenye malori. Nimeupima: unatoka siti ya mbele, unazunguka ya nyuma, unarudi, na mwingine unabaki. Watoto sitini na mmoja, safari moja, mkanda mmoja. Kesho Madam ahesabu anavyotaka.