Shati la Babu na Tumbo la Dindo

Jumapili, 1 Februari
Winnipeg, baridi ya kung'oa masikio. Baada ya misa wamama watatu wamenisalimu kwa kuniambia nimenenepa. Watu wetu hawana "hujambo", wana "umenenepa".

Shangazi Norma katangaza sherehe. Binti yake Mayumi anatimiza kumi na minane tarehe 14 Machi. Kwa desturi yetu, wanaume kumi na wanane watacheza naye, kila mmoja na waridi lake. Waridi la mwisho lilikuwa liwe la Babu, lakini Babu katutoka. Basi Bibi kaamuru kwa simu toka kwetu Batangas: analituma shati la Babu la nyuzi za nanasi, na mjukuu litakayemkaa sawasawa ndiye atacheza mahali pake. Wajukuu wa kiume huku ni wawili. Mimi, na binamu yangu Dindo.

Jumatatu, 2 Februari
Nimeikagua picha ya Babu ukutani. Mwembamba kama fito. Dindo, aliyetua Oktoba, fito vilevile. Mizani: yeye kilo 67, mimi 79. Nilipofika hapa miaka mitatu nyuma nilikuwa 62. Nchi hii ilinivimbisha kimyakimya: donati kiwandani, basi mlangoni, baridi inayokufungia ndani na sufuria. Sasa ona akili. Yaliyonipata mimi yampate Dindo, tena haraka, na mimi nirudi nilikotoka. Shule niliacha, hesabu sikuacha.

Jumamosi, 7 Februari
Mpango unatembea. Dindo bado ana haya ya mgeni, hawezi kukataa sahani. Asubuhi wali wa kukaanga na soseji tamu, mchana tambi, jioni nyama ya nguruwe yenye ngozi. Nimemwambia asiye na mafuta mwilini huganda kituoni. Akaniuliza, "Sasa Kuya, kaka mkubwa, mbona wewe huli?" Nikamjibu mimi nimeshazoea kuganda.

Jumatano, 18 Februari
Majivu. Nimemwambia Shangazi nafunga Kwaresima nzima. Machozi yakamlenga. Kufikia jioni parokia yote inajua, padri kanishika bega. Sasa siwezi kuonekana hata na biskuti. Nimekula moja chooni. Haya, sita.

Alhamisi, 5 Machi
Mimi 71, Dindo 76. Kifungo cha suruali yake kimeruka kikampiga paka. Kaniambia mwezi wa kwanza alikuwa analia chini ya blanketi akikumbuka kwao, na hapa hakuna aliyemjali kama mimi. Nikajisikia vibaya kidogo. Nikamwongeza donati.

Jumamosi, 14 Machi
Shati limefunguliwa sebuleni, Bibi akitazama kwenye simu. Nikavaa mimi kwanza, mkubwa. Mabega yakashuka hadi viwikoni. Mayumi akauliza kama humo ndani kuna mtu. Akavaa Dindo. Kama alipimwa yeye.

Nikapinga. Nikaonyesha picha ukutani. Bibi akacheka hadi akakohoa. Ile picha, kasema, ni kabla Babu hajaenda kupika melini. Alirudi baada ya miaka kumi na moja na tumbo linalomtangulia mlangoni, ndipo akashonewa shati hili. Kila anayekwenda nchi za watu hunenepa, kasema, ila mimi Jomar peke yangu. Norma, unamlisha nini huyo mtoto? Shangazi kanitazama kama mimi ndiye mwizi wa sadaka.

Kilo 79 zingelijaza barabara. Sitaki kulizungumzia.

Dindo alicheza waridi la mwisho, na Bibi alilia huko kwenye simu. Mimi nilikuwa waridi la kumi na saba. Hakuna aliyelia.

Jumapili, 15 Machi
Nimeamka na akili mpya. Tala, mdogo wake Mayumi, anatimiza kumi na minane mwakani. Sherehe ileile, shati lilelile. Kazi nyepesi: mimi ninenepe, Dindo akonde. Nimeshamshawishi tukimbie kando ya mto kila asubuhi. Yaani akimbie yeye, mimi nimshikie saa.

Nimeanza na sahani tatu za wali. Shangazi alikuwa anaongea na Bibi kwenye simu. Eti Bibi kanionea huruma, hakulala, anataka shati liende kwa fundi lipunguzwe kwa vipimo vyangu vya jana, mwakani na mimi nicheze. Kitu kama hicho. Sikusikia vizuri, nilikuwa natafuna.