Protini ya Hamidi

Jumatatu, 8 Julai 1996
Gari la utafiti limefika Zuzu, mashine ya kupimia imo ndani. Daktari Violeth ametueleza taratibu. Wanatafuta protini moja kwenye mkojo, ambayo hutoka figo zikianza kuumia, hata kabla mwenyewe hajajisikia vibaya. Na kuna dawa mpya ya majaribio ya kuikabili protini hiyohiyo. Ambaye namba yake itavuka thelathini atapelekwa mjini hospitali kila Alhamisi, atatibiwa, atakula, atarudishwa kwa gari.
Mimi: sita. Hamidi, jirani yangu muuza mitumba: mia mbili na kumi na mbili!
Mimi niliyepunguzwa kazini nikafungua mashine ya kusaga kwa jasho langu. Mimi ninayezidisha kwa kichwa. Sita. Yeye watu wameshaanza kumwita Mshiriki.

Jumanne, 9 Julai
Kosa liko kwenye chakula. Yai moja, gramu sita za protini. Mayai nane, arobaini na nane. Juu yake maharage, karanga, supu ya mbuzi. Mke wangu Anyesi akauliza tuna mgeni gani. Nikamwambia ni sayansi.
Jioni nimepimwa tena. Tano.
Violeth akasema hii si protini ya sahani, na namba ndogo ndiyo afya yenyewe. Ndivyo wanavyofarijiwa walioshindwa.

Jumatano, 10 Julai
Kipimo cha kuthibitisha. Kila mtu na mkojo wake wa asubuhi, kichupa kimeviringishwa gazeti kwa ajili ya heshima. Tukiwa kwenye foleni, huyo mama mkwe wa Hamidi, anatoka kisimani. Hamidi akabadilika rangi. Mkwe akukute na mkojo mkononi?
"Nishikie, Barto," akaninong'oneza, akaenda kumwamkia mikono mitupu.
Mama hana haraka. Aliulizia watoto, akaulizia kuku. Nami nimebaki na vichupa viwili, magazeti mawili, majina mawili kwenye plasta. Plasta zilibanduka bila shida.
Mimi: mia mbili na thelathini. Hamidi: tano. Violeth akarudia kupima, akaiangalia mashine kwa mashaka, akasema labda vya Jumatatu ndivyo vilivyochanganywa. Hamidi akanikumbatia, akanipa pole. Machozi yalimlenga.

Alhamisi, 11 Julai
Kiti cha mbele! Nimewapungia mkono watu wote wa stesheni.
Mjini wametoa damu mara tatu, wamenipa vidonge viwili vikubwa na wali mweupe usio na chumvi. Pilau ilikuwa ya dereva. Tumbo limechafuka njia nzima.
Nyumbani Anyesi analia. Kwa Hamidi, mkewe Mwanasha amechinja kuku wa shukrani. Harufu inafika mpaka huku.

Jumamosi, 13 Julai
Hamidi amekuja kunijulia hali, na bakuli la uji. Amevaa ndala, viatu havimwingii. Uso umejaa. Anasema ni kunenepa kwa furaha. Nikamwomba mguu, nikaubonyeza kwa kidole. Shimo likabaki palepale.
Nikapiga hesabu. Dawa iko tumboni mwangu. Ugonjwa uko kwake. Hadi Alhamisi, siku tano. Mguu ule hauna siku tano.
Uji sikuumaliza.

Jumapili, 14 Julai
Alfajiri nimempakia Hamidi kwenye lori la mchanga hadi hospitali. Nimemweleza Violeth yote, Hamidi akisikia. Violeth akatoka kwenda kutafuta kitanda.
Hamidi akaniangalia kwa macho yake yaliyovimba.
"Barto, umeniibia mkojo?"
Nikasema ndiyo.
"Si ungeomba tu, jirani. Ningekugawia."

Jumatano, 17 Julai
Hamidi kaanza dawa. Uvimbe unashuka, namba imefika mia na tisini. Violeth amesema tungechelewa siku mbili nyingine, tungekuwa na mazungumzo ya msiba. Mimi nimefutwa kwenye utafiti. Hakuna aliyenishukuru kwa kumuwahisha mgonjwa. Hata mmoja.
Nimesikia Hombolo imefika timu ya presha. Wanataka wenye namba kubwa, wanawalaza na kuwalisha. Wanapima mkononi, kichupa hakuna, kwa hiyo ni kazi safi kabisa. Nasikia hasira huipandisha. Nimemwomba Anyesi anikasirishe kesho kabla sijaondoka.
Amesema hilo halihitaji maandalizi.