Lifungwe Kabla Mtoto Hajasema Zaidi

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: OMBI LA FAMILIA KWAMBA DARASA LA WATOTO VIZIWI LIFUNGWE BILA KUCHELEWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mezani kwako pamebaki nafasi ya kuiweka. Mimi ni binti niliyemaliza shule juzijuzi na bado niko nyumbani. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na sina desturi ya kubishana na wakubwa, kikao cha familia kimenichagua niandike kwa niaba ya wote. Nitajitahidi nisiongeze langu.

Tumelisoma tangazo lako kwenye geti la shule, kwamba darasa la watoto viziwi litafungwa ili chumba chake kiwekwe madawati mabovu, na kwamba wazazi na walezi wenye maoni wayalete kabla ya mkutano wa Ijumaa. Sisi maoni tunayo. Tunaomba darasa lifungwe, na ikiwezekana lifungwe kabla ya hiyo Ijumaa, maana mtoto wetu anarudi na maneno mapya kila siku na hatujui kesho atakuja na lipi.

Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu wa kiume. Ana miaka tisa na hajasikia tangu azaliwe. Nyumbani tunamwita Mpole. Jina hilo alipewa na mjomba wetu, kaka yake Mama, ambaye alizoea kumsifu mbele za wageni kwamba hajapata kuona mtoto kama huyu, hana neno na mtu. Ilikuwa kweli. Hakuwa na neno na mtu kwa sababu hakuwa na neno hata moja. Mwalimu wa darasa lile, mama mfupi wa kuvaa raba ambaye naye ni kiziwi, alimpokea mwaka jana akiwa anaonyesha tumbo kwa njaa na kulia kwa mengine yote. Sasa anaongea kwa mikono tangu anapoamka mpaka taa inapozimwa, na ikizimwa anaiwasha tena ili amalizie sentensi.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Magodoro. Mjomba anauza magodoro na duka lake ni dogo. Mwaka juzi alimsimamisha Mpole mbele yetu sote, akamwonyesha magodoro, akamwonyesha chumba chake, kisha akatabasamu. Mpole akaitikia kwa kichwa, kama alivyomwitikia kila mtu aliyemtabasamia, hata yule daktari aliyemng'oa jino. Mjomba akatugeukia akasema si mmeona wenyewe, kijana yuko radhi. Tangu siku hiyo magodoro yamepanda hadi darini, na mwenye chumba analala sebuleni kwenye kochi, miguu ikining'inia. Hakuna aliyenung'unika. Mwezi uliopita Mpole alimshika mjomba mkono, akampeleka mpaka kwenye mlango wa chumba kile, akasema mambo matatu kwa mikono: chumba, changu, lini. Mama ndiye aliyeyatamka kwa sauti. Mjomba anasema katika biashara yake yote hajawahi kuulizwa "lini" na mtu mfupi kiasi kile. Msimamo wake ni kwamba mtoto alikwisha kukubali, na shule haina mamlaka ya kumfundisha mtu kukataa jambo alilolikubali kabla hajajua maana yake.

2. Foleni. Shangazi yetu, dada yake Baba, ni mtu wa shughuli nyingi. Kwa miaka kadhaa, alipotaka kwenda kliniki, benki au ofisi ya maji, alipitia kwanza kwetu kumwazima Mpole. Alimshika mkono, akaushusha uso, na watu wakaambiana mpisheni mama wa watu, ana mtoto mgonjwa. Mpole hakuwa mgonjwa, ila hakuwa na namna ya kukanusha. Sasa huko darasani wamefundishwa neno foleni, wakiwa wamejipanga kunawa mikono. Siku iliyofuata, kwenye ofisi ya maji, Mpole alimvuta Shangazi kutoka dirishani mpaka mwisho wa mstari, akamsimamisha nyuma ya mzee mwenye mkongojo, kisha akamgeukia mlinzi na kumweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto: huyu mzima, mimi mzima. Mlinzi hajui lugha ya ishara, lakini Shangazi anasema alielewa, na foleni nzima ilielewa. Alifika dirishani likiwa linafungwa. Shangazi anauliza, kama mtoto hawezi hata kumsaidia mtu, huo uziwi wake una faida gani. Nimeandika kama alivyosema.

3. Uongo. Glasi ya wageni ilivunjika, na Mpole alipoulizwa akasema ni paka. Sisi hatuna paka. Alimweleza paka huyo kwa kirefu, rangi yake, mkia wake uliopinda, na jinsi alivyoomba radhi kabla ya kutokea dirishani. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu azaliwe. Mama, badala ya kutafuta fimbo, aliketi sakafuni pembeni ya vipande vya glasi akacheka mpaka akatoka machozi, kisha akamwomba arudie pale kwenye mkia. Familia inauliza ni shule ya namna gani hii inayomfanya mzazi ashangilie uongo. Mjomba alikumbusha kikao kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kusema kwamba Mpole hasikii la mkuu wala la mdogo na miguu yake yote miwili ni mizima, ingawa inaning'inia kwenye kochi, lakini nimeahidi kutoongeza langu.

4. Kiti cha Baba. Baba ni fundi umeme, na meza tunayolia chakula aliitengeneza mwenyewe. Mama alijifunza ishara pamoja na Mpole, nami nikajifunza kwa Mama. Baba alisema hana muda, mikono yake ni ya kazi. Siku hizi tukiwa mezani Mpole anasema jambo, Mama anajibu, mimi nacheka, na Baba anainua uso na kuuliza amesema nini. Tunamwambia tutakueleza baadaye. Baadaye ikifika tunakuwa tumesahau, au tunamwambia ah, hakuna kitu, ni utani tu. Baba amelalamika kwamba hakuna adhabu kama kukaa katikati ya watu wako mwenyewe, wanacheka, nawe hujui wanacheka nini, na hakuna anayeona kama ni jambo la haraka kukueleza. Alipomaliza kusema hivyo alimtazama Mpole kwa muda mrefu. Mpole alikuwa akila. Kwa miaka minane sentensi tuliyomwambia mtoto yule, kwa kumpungia mkono, ilikuwa hiyo hiyo, baadaye. Kikao hakikulijadili hili zaidi.

5. Majina. Kwa watu wa lugha ya ishara, kila mtu hupewa jina lake la mikono kutokana na jambo analojulikana nalo. Hujichagulii. Wanakutazama, wanakupa. Mpole amewapa majina watu wote wa ukoo bila kuomba kibali. Baba ni mkono unaofunga balbu, hilo halina ubaya. Mjomba ni kiganja kilicholazwa shavuni kama mtu anayelala, kisha mkono unaovuta kitu kuja kwake. Shangazi ni kiwiko kinachopenya katikati ya watu. Aliponiuliza maana yake nilimwambia ni "mtu wa mbele", akafurahi, na sasa anajitambulisha hivyo kwa watoto wote wa darasa lile, akipiga kiwiko mwenyewe.

Ndugu Afisa, naona ni haki ujue kwamba nawe unalo. Ulipolitembelea lile darasa, siku uliyosimama mlangoni na kusema unaona kila kitu kinakwenda vizuri, watoto walikuwa wanakutazama. Jina lako ni kidole kinachopandisha ukingo wa mkono wa shati kutazama saa. Linatumika darasa zima. Limeanza kutumika jikoni kwetu pia.

6. Mimi mwenyewe. Kikao kilinitaka niandike madhara niliyopata. Kabla ya darasa hilo mimi ndiye niliyejua Mpole anataka nini. Nilijua kwa nyusi zake na kwa namna alivyosimama. Watu wazima waliacha mazungumzo yao wakaniuliza, wewe, hebu tuambie huyu anasema nini, na hiyo ndiyo mara pekee waliyoniuliza chochote. Nilikuwa naziba mdomo kwa kiganja, kama ilivyo kawaida yangu, na kujibu kwa sauti ndogo, na walisogea ili wanisikie. Alipokasirika nilisema amechoka. Alipokataa nilisema bado anafikiria. Sasa cheo hicho sina. Anajisemea. Zaidi ya hapo ananisahihisha. Amesema mikono yangu inanong'ona, na kwamba nikisema jambo kwa ishara ni kama ninamwomba radhi kwa kulisema. Jina alilonipa ni kiganja kilichofunika mdomo.

Kwa sababu hizo zote, familia inapendekeza yafuatayo. Madawati mabovu yaingizwe, maana hayajawahi kumjibu mtu. Mjomba yuko tayari kusaidia kuyabeba. Mwalimu apewe kazi ya kulinda stoo hiyo hiyo, kwani kelele za madawati hazitamsumbua. Watoto wakibaki na maneno matatu, ndiyo, asante na samahani, yatawatosha kwa maisha tuliyowaandalia. Na kama utaratibu unaruhusu, maneno ambayo Mpole amekwisha kuchukua yarudishwe shuleni, kama vile vitabu vinavyorudishwa mwisho wa mwaka, tukianzia na "changu", "lini" na "kwa nini".

Shangazi aliuliza itakuwaje kama mtoto atakataa kuyarudisha. Mjomba alisema basi ifungwe mikono, akimaanisha mikono ya Mpole, na Mama akainuka na kwenda kufua nguo ambazo zilikwisha kufuliwa.

Tunatanguliza shukrani kwa muda wako, ambao tunaelewa ni mchache. Wasalimie wote hapo ofisini, karani wako, dereva wako, na yule kijana anayebandika matangazo, mwambie gundi yake ni nzuri, tulijaribu kulibandua tangazo likakataa. Nyumbani wote hawajambo na wanakusalimu, isipokuwa Mpole, ambaye amesema atakusalimia mwenyewe.

Wako mtiifu,
Binti, kwa niaba ya familia

Imethibitishwa na: Mjomba (sahihi). Shangazi (sahihi).

N.B. Mjomba ameisoma barua mpaka hapo juu penye sahihi yake, akausifu mwandiko, akaenda dukani; Shangazi alitia sahihi bila kusoma, alikuwa na haraka. Haya ya chini nimeyaandika baada ya mlango kufungwa.

Utaona sahihi ya Baba haipo. Alisema mikono yake ina grisi, nami nilikuwa nimetoka kumpa taulo. Baadaye alinifuata uani akaniuliza, kwa sauti ndogo kuliko yangu, mtu akitaka kumwambia mtoto "nitakueleza sasa hivi" anafanyaje na vidole. Nimemwona juu ya ngazi akifanya mazoezi kwa mkono mmoja. Anakosea, lakini hanong'oni.

Mpole aliniona naandika akataka kujua ni nini. Mkono wangu ulikwisha kuanza kusema "baadaye". Alinitazama, nikaushusha, nikamweleza yote, moja hadi sita. Kwenye paka alicheka. Kwenye kiwiko alicheka akanionyesha namna ya kukipiga vizuri zaidi. Kwenye madawati aliacha kucheka. Aliuliza, hayo yakiingia, sisi tutaongelea wapi. Wako saba mle ndani, Ndugu Afisa, na nje ya chumba kile hakuna mtoto hata mmoja katika mtaa mzima anayeweza kumjibu akisema ameota ndoto.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita uyasome kuwa ndiyo sababu za darasa kubaki wazi. Sijabadilisha hata neno. Ukiyasoma upya utaona yalikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa tutakuja. Mwalimu atasema, na Mpole atasema, na wote wawili wanahitaji mtu wa kuwatolea sauti. Mama alijitolea. Mpole amekataa, amenichagua mimi. Masharti yake ni kwamba nisilainishe, nisipunguze, nisiseme amechoka wakati amekasirika, na mikono yangu isiguse mdomo. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi. Nakuomba kiti cha mbele, si kwa huruma, ni ili nimwone anavyosema.

Jambo la mwisho. Jina la ishara halifutwi kwa barua wala kwa cheo. Linabadilika pale mwenye jina anapofanya jambo jingine, na watoto wakaliona. Jana Mpole alijaribu jina jipya kwangu, kiganja kinaanzia mdomoni kisha kinafunguka kwenda mbele. Nilipomshukuru alisema nisifurahi mapema, ni la majaribio. Nilimuuliza habari ya lako, lile la saa. Amesema na hilo pia litaangaliwa Ijumaa.