Mama Aliyeupa Ulingo Mgongo

Jabir hakuliona tumbo la Bwana Kivuva wala saa yake ya dhahabu. Aliliona gari. Lilikuwa Peugeot 404 jeupe, limeegeshwa nje ya hoteli ya chai ya Athman kule River Road, nalo limesuguliwa likasugulika hata inzi hawakuthubutu kutua. Jabir alilitazama kwa huruma. Gari zuri hivyo, na bado halijapata mwenyewe anayelistahili!

Ndipo akamsikia mwenye gari. Kivuva alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mkazi wa Loresho, na alisimama katikati ya hoteli akiwahutubia wanywa chai juu ya mieleka ya Jumapili.

"Hakuna mtu Kenya hii ya kuangusha Odero! Odero Tingatinga akikulalia, wewe umekwisha. Na hiyo kitoto wanaita Were? Itavunjwa kama biskuti."

Jabir akavuta ubao wake wa mchanga karibu. Inafaa tumjue mtu huyu kabla hajaanza kusema uongo. Alikuja Nairobi kutoka Mombasa na kanzu mbili, kofia ya viua, na ujuzi mmoja tu: alijua kwamba watu wa bara hudhani kila mvaa kanzu ana jini mfukoni. Hakuwahi kuwakanusha. Kila wiki aliketi pembeni mwa hoteli ya Athman akipiga ramli ya mieleka, na hakuwa amekosea hata pambano moja. Watu walisema ni nyota. Kusema kweli ilikuwa pilau. Kila Alhamisi alibeba sufuria ya pilau ya mkewe, Mabruka, hadi ghala la Kariokor walikofanyia mazoezi wanamieleka, nao wakilamba vidole humweleza nani ataanguka, raundi gani, na kwa kilio cha namna gani. Maana mieleka ile ilipangwa kama harusi, na waliolipa kiingilio ndio pekee wasiokuwa na habari.

Utabiri huo aliuuza, walioununua wakaenda kuwekeana dau. Kamari ni haramu, na Jabir, mtu wa dini, hakucheza. Yeye alitoa elimu tu.

"Pambano la kwanza," akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa. "Ogutu Nyundo na yule bondia mstaafu. Ogutu ataanza vizuri, atashangiliwa, ataringa. Ataangushwa raundi ya pili akiwa bado anawapungia watu mkono. Pambano la pili, Jini la Makupa, yule avaaye kinyago chekundu. Ataumwa sikio na refa hataona, kwa kuwa refa atakuwa anafunga kamba ya kiatu. Lakini Jini atashinda."

"Na ya mwisho?" akauliza Kivuva.

Jabir alichota mchanga, akaunyunyiza, akautazama. Kisha akatikisa kichwa kwa majonzi makubwa.

"Maskini Odero," akasema.

Hoteli nzima ikacheka, isipokuwa Kivuva. "Unasema nini, mzee wa mchanga?"

"Mimi sisemi, bwana mkubwa. Nyota zasema. Raundi ya tatu Odero atalala chali, na Were atamwekea mguu kifuani."

"Nyota zimewahi kuona mkono ya Odero?"

"Zamwona kila usiku, yakhe. Ziko juu."

Kivuva akapiga meza hata vikombe vikaruka. "Weka kitu! Weka kitu tuone kama nyota yako ni kali!"

"Mimi masikini wa Mungu. Sina kitu. Nina kijiploti tu, huko Riruta, tena..."

"Weka ploti! Mimi naweka gari yangu hiyo hapo nje!"

Jabir alishika kifua, akayumba, akaomba watu wawili wamshikilie asianguke. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu alipolipita gari lile mlangoni. Wakaafikiana kwamba ufunguo wa gari na hati ya ploti vitakaa katika bati la biskuti la Athman mpaka Jumapili, na anayejitoa amepoteza. River Road nzima ilikuwa shahidi.

Sasa, ploti ile. Hapo ndipo penye shida. Katika mambo yote aliyojidai kuwa nayo Jabir duniani, ile ploti ya Riruta ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli, na ilikuwa ya kweli kwa sababu Mabruka ndiye aliyeihangaikia. Alishona kofia mpaka macho yakamwuma, akaweka akiba, wakainunua. Walipanga chumba ng'ambo ya barabara ili aione kila akifungua dirisha. Alikuwa ameshapanda mchicha na maboga, na ameshachora ardhini kwa kijiti mahali jiko litakapokaa. Alimwambia mumewe maneno machache sana:

"Jabir, uza kofia yako, uza jino lako la dhahabu. Ukiigusa ploti hii, mimi narudi Mombasa kwa mama, na usinifuate."

Kwa hiyo Jabir hakumwambia habari ya dau. Alingoja aende sokoni, akainua godoro, akaichukua hati. Alijua anafanya vibaya. Lakini aliwaza jinsi Mabruka atakavyokaa kiti cha mbele cha 404 na ushungi wake mweupe, akaona kwamba anamfanyia hisani.

Wiki hiyo alimwomba Mabruka pilau sufuria mbili. Huko Kariokor, Odero alikula ya kwanza peke yake, akakubali kulala chali raundi ya tatu kwa ahadi ya kupelekwa Kisumu kwa 404 sikukuu ya Krismasi. Were alikubali kushinda bila masharti yoyote. Alikuwa hajawahi kushinda.

Jumapili alasiri ukumbi wa mieleka ulijaa hadi madirishani. Ogutu Nyundo aliringa, akapunga mkono, akaangushwa akiwa anapunga. Jini la Makupa aliumwa sikio wakati refa akiinamia kiatu chake, kisha akashinda. Watu walianza kumtazama Jabir kwa hofu ya heshima, naye akarekebisha kofia.

Jambo moja tu lilimshangaza. Safu ya mbele kabisa, karibu na Kivuva aliyekuwa akitafuna njugu bila wasiwasi wowote, aliketi mama mmoja wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa amekigeuza kiti chake. Ulingo ulikuwa nyuma yake, na yeye aliwatazama watazamaji, akifuma sweta.

Jabir, akiwa na furaha ya mtu mwenye gari jipya, alimwinamia. "Mama, mieleka iko upande ule."

"Najua iko huko," akajibu mama bila kuinua macho. "Ndiyo maana mimi niko hivi."

Jabir akacheka, akaenda kukaa.

Pambano kuu likaanza. Odero aliingia kwanza na jukwaa likalia. Were akafuata, amevaa kaptura nyekundu ya kubana ambayo fundi wake alikuwa mchoyo wa kitambaa. Raundi ya kwanza Odero alimzungusha hewani. Raundi ya pili alimkalia. Raundi ya tatu Were alimgusa Odero begani kwa kidole, au tuseme kwa vidole viwili, na Odero akatoa kilio cha ng'ombe, akapepesuka kona zote nne kusudi kila mtu apate thamani ya kiingilio chake, kisha akaanguka chali. Ukumbi ukatetemeka. Jabir alishasimama.

Were aliinua mguu auweke kifuani pa Odero. Kivuva akameza njugu, akamgusa mama yule begani. "Mama, sasa."

Mama aliweka sweta mapajani. Bila kugeuka, akaita kwa sauti ya kanisani:

"Were! Watoto hawajambo?"

Mguu wa Were ukabaki hewani. Alitazama kilikotoka sauti, akakiona kitambaa cha kijani, akauona mgongo. Uso wake ukabadilika kabisa. Alijifunika kwa mikono miwili, akagundua haitoshi, akampokonya refa taulo, akagundua nayo haitoshi. Akapenya chini ya kamba, akatambaa chini ya ulingo, akatokea upande wa pili, na mara ya mwisho alionekana akipita mlango wa nyuma akiwa amejitanda pazia la ukumbi.

Odero alibaki amelala. Alisubiri mguu. Haukuja. Akafungua jicho moja.

"Were," akanong'ona, na ukumbi mzima ukamsikia. "Malizia basi, bwana."

Refa alihesabu mpaka mwisho, akachungulia chini ya ulingo, akarudi. Kisha akauinua mkono wa Odero, kwa shida, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bado amelala. Hivyo ndivyo Odero Tingatinga alivyoshinda pambano akiwa chali, na kwa heshima zote.

Jabir alimfikia Kivuva akiwa hana pumzi. "Huyu mama ni nani?"

"Huyu? Namalwa, mpishi yangu. Binti yake ndiyo bibi ya Were."

"Mkwewe?" Jabir akakodoa macho. "Basi si ilikuwa afurahi? Mama mkwe kaja kumshangilia!"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Kwao alipooa alihamia nyumbani kwa mama yake Mabruka, akalishwa, akafuliwa, akataniwa, na mpaka leo mkwewe humwita mwanangu. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali pengine mambo ni mengine.

Namalwa alikunja sweta lake. "Kijana yangu, kwetu Bungoma mkwe hawezi kuniona hata mimi nikiwa bila kitambaa. Na mimi siwezi kumwona yeye hata kama amefungua kifungo ya shati. Sasa huyu alituambia ni karani ya mahakama! Karani gani anavaa hiyo kitu nyekundu? Kuanzia leo ataacha." Akasimama, akakirudisha kiti mahali pake. "Lakini mimi sikuona chochote. Nilimpa mgongo. Mimi ni mtu ya heshima."

"Na nani aliyewaambia kwamba Were..." Jabir alijizuia, maana umati ulikuwa karibu.

Kivuva alipangusa chumvi ya njugu mdomoni. "Uliza nyumbani kwako," akasema.

Njia yote ya kurudi Riruta Jabir alitafuta uongo wa kumwambia mkewe. Huyu mtu aliyeweza kumwuzia kinyozi kichana chake mwenyewe hakupata hata mmoja. Aliogopa kweli. Aliona chumba kitupu, aliona sanduku la Mabruka juu ya basi la Mombasa, na machozi yakamlenga.

Jua lilikuwa halijazama. Mabruka alikuwa kwenye ploti, katikati ya maboga, amekaa juu ya kiti, amempa mgongo.

"Mabruka."

"Nimesikia. Odero kashinda."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilijua tangu Ijumaa." Hakugeuka. "Sufuria mbili, Jabir? Nikajua umenunua mtu. Nikainua godoro, hati hamna. Athman akanieleza mengine. Nikapanda basi hadi Loresho nikamwambia Bwana Kivuva gari lake limekwenda. Alitaka kuvunja dau, nikamkumbusha anayejitoa amepoteza. Alikuwa karibu kulia, maskini. Namalwa ndiye aliyetuletea chai. Aliposikia jina la Were nusura aimwage yote."

"Na ploti?" akauliza Jabir.

"Tumepatana. Gari libaki lake, ploti ije kwangu. Kesho asubuhi twaenda kwa wakili. Jina langu peke yangu."

Jabir alikaa chini, palepale kwenye mchicha, na kanzu yake. Ploti ipo. Mke yupo. Alikuwa amepigwa chenga kuliko alivyopata kumpiga chenga mtu yeyote, na hakukumbuka siku aliyofurahi hivyo. Aliutazama mgongo ule kwa mapenzi yasiyo na hila hata kidogo.

"Mbona basi hunigeukii?"

"Nikiuona uso wako nitakusamehe," akasema Mabruka, "na bado sijataka."

"Utataka lini?"

Mabega ya Mabruka yalianza kutikisika, na Jabir hakujua kama ni kilio au ni kicheko.

"Wewe si ndiye mtabiri?" akasema. "Tabiri."