Bucky Tarr Kwenye Kiitikio

Jumatatu, 8 Oktoba 2012

Siku kubwa! Redio wamepiga simu. Ni Redio ya Chuma, wale wale waliotoa santuri ya bendi za roki za hapa Erie mwaka 1980. Bendi kumi, kila moja wimbo mmoja, mnara wa taa kwenye jalada. Sasa wanaitoa upya, na Jumamosi ya tarehe 20 kuna sherehe. Sisi, Nyundo za Ziwani, ndio wimbo wa mwisho, upande wa pili. Msichana wa redio anaitwa Kendra Voss. Kaniita mzee Kuzma mara nne. Nimemsamehe.

Nimeshuka chumba cha chini kuijaribu suruali yangu ya ngozi ya enzi zile. Imefika magotini, ikagoma. Nikakaa hivyo hivyo kwenye ngazi nikiangalia picha yetu nyuma ya jalada. Vijana wanne, nywele mabegani, na kesho yake sote zamu ya asubuhi kiwanda cha treni. Kwa wiki tano hivi mji huu wote ulijua majina yetu. Muuza mikate alikuwa hanipangishi foleni. Nimelia kidogo. Mke wangu Bernadine aliposhuka nikamwambia ni vumbi.

Jumanne, 9 Oktoba

Tatizo. Kendra anataka saini ya kila mtunzi. Bila saini, wimbo unaondolewa kwenye santuri, na nafasi inakwenda kwa Gino Fachetti, ambaye bendi yake ilikosa mwaka ule na hajapona mpaka leo. Mtunzi wetu ni Denny Rutkoski, mwimbaji. Denny hasemi nami tangu 1980.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sharti la redio ili uchaguliwe lilikuwa bendi iwe ya hapa na wimbo utaje kitu cha hapa. Wenzetu walitaja ziwa, theluji, samaki. Denny akamtaja Loretta, mchumba wake. Nikajiuliza, majaji watamjulia wapi Loretta? Lakini Bucky Tarr, muuza magari, nani hamjui? Tena ndiye aliyeidhamini santuri. Basi Denny akiwa kazini, nikarudi studio peke yangu nikaimba upya kiitikio. Mapigo yalilingana kabisa.

Siku wimbo ulipopigwa mara ya kwanza, Denny alikuwa sebuleni kwa wazazi wa Loretta, shangazi wote wamekusanyika kuzunguka redio, pete iko mfukoni. Denny akasikika akianza vizuri. Kisha nikaingia mimi: Bucky Tarr, moyo wangu ni wako.

Nasikia Loretta alicheka. Baba yake hakucheka. Walioana, ndiyo, lakini harusini sikualikwa. Na tulichaguliwa! Hilo hakuna anayelikumbuka.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimemwandikia Denny barua ya kurasa tatu. Nimetaja urafiki mara kumi na moja na saini mara moja tu, mwishoni, kama kitu kilichonijia tu.

Bernadine kaisoma, kanirudishia. Ananiambia nimpe ile kanda, basi. Nilidhani hajui. Kuna kanda ya mazoezi, gereji kwa mama yake Denny, Julai 1980. Imo kwenye kopo la misumari. Ndani yake Denny anaimba jina la Loretta kama alivyolitunga. Nimeificha miaka yote kwa kuwa ni ushahidi, na sikuitupa kwa kuwa ndipo tulipopiga vizuri kuliko siku zote. Santuri yenyewe haiifikii.

Nimemweleza Bernadine kwamba kanda ni karata ya mwisho, haitupwi mapema. Akasema Loretta alizikwa Machi, nacheza karata na nani? Wanawake hawaelewi mipango ya muda mrefu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Samaki wa kukaanga ukumbi wa parokia. Nikajipanga nyuma ya Denny kwa makusudi. Amezeeka. Kola ya shati imekunjamana, jambo ambalo Loretta asingeliruhusu. Nikakohoa. Akageuka, akaniona, akaiacha foleni na sahani yake tupu. Gino Fachetti aliona yote. Akaniuliza kwa sauti kama Bucky Tarr hajambo.

Bucky Tarr alifilisika mwaka 1984. Gino anajua hilo.

Jumapili, 14 Oktoba

Mpango bora kuliko yote! Denny ana moyo laini kwa wagonjwa, daima alikuwa hivyo. Kwa hiyo jana nilipiga simu ofisi ya parokia, nikaandikisha jina langu kwenye maombi ya wagonjwa. Leo padri kalisoma mbele ya kanisa zima, baina ya mjane mwenye nyonga mpya na mtu aliyelazwa wiki ya tatu. Bernadine, aliyekuwa kando yangu, aligeuza shingo polepole sana. Sikuthubutu kumtazama. Nikainamisha kichwa kama mgonjwa.

Kufikia mchana tumeletewa mabakuli saba ya chakula. Bernadine kayapokea yote kwa adabu na hajaniwekea hata kijiko.

Jumatatu, 15 Oktoba

Asubuhi hali ya hewa ilikuwa nzuri, nikapanda ngazi kutoa majani kwenye mifereji ya paa. Kosa. Denny akaingia uani na sufuria ya supu ya kabichi, kaifunga kwa taulo.

Akasimama chini akiniangalia. "Walt, unakufa au hufi?"

Nikasema naendelea vizuri.

Nilidhani atanimwagia. Badala yake akakaa kwenye kizingiti. Akasema supu ni mapishi ya Loretta, ameipika mara sita tangu Machi na haijakubali. Nikashuka, tukaila humo humo sufuriani. Chumvi tupu. Nikamaliza yangu. Nikatoa karatasi ya redio, maana nilikuwa nayo mfukoni. Akatikisa kichwa. Akasema hajali saini wala santuri.

"Picha zake ninazo sanduku zima," akasema. "Sauti yake sina, Walt. Hata neno moja."

Hapo nilikuwa na hotuba tayari. Ilinipotea. Nikaenda kuchukua kopo la misumari.

Gari lake ni la zamani, bado lina mashine ya kanda. Tukakaa humo vioo vikiwa juu. Fritz, mpiga ngoma wetu, akasikika akigonga vijiti mara nne, tukaingia. Mungu wangu, tulikuwa tunapiga! Denny wa miaka ishirini na mbili akamwita Loretta mara tatu. Denny wa leo akashika usukani kwa mikono miwili kama tunasafiri. Gitaa likaisha. Nikanyoosha mkono kuzima, nikiwa nimesahau. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa, iliyojaa kicheko: "Imeisha? Mbona fupi hivyo, Denny? Rudia."

Denny akairudisha nyuma. Tukasikiliza tena. Na tena. Sijui mara ngapi. Nikamwambia nisamehe, na nilimaanisha, bila mpango wowote nyuma yake. Akasema alishanisamehe 1980 hiyo hiyo, Loretta alimlazimisha. Ni aibu tu ya kuanza kuongea. Akatia saini juu ya dashibodi.

Miaka thelathini na miwili! Tungekuwa tumepiga nyimbo ngapi.

Jumatano, 17 Oktoba

Mambo mazuri tupu. Kendra kasikiliza kanda, kafuta machozi, kasema watatumia hiyo badala ya ile ya Bucky, pamoja na sauti ya Loretta mwishoni. Jumamosi tunaupiga jukwaani, na watarekodi. Denny amekuja mazoezini jana na leo. Sauti yake inashika, ila akifika ubeti wa pili inakatika, na mimi nampokea. Ananishukuru kwa macho. Sijawa na furaha kama hii tangu nywele zangu ziondoke.

Leo nimekutana na mdhamini wa santuri safari hii, Daktari Pruitt, anayeuza vifaa vya kuwasaidia wazee kusikia. Mtu mwema sana. Anatafuta sura ya kuweka kwenye mabango ya barabara kuu, sura ya mwanamuziki wa hapa hapa. Nimempa upande wa kushoto wa uso wangu auone. Ameridhika. Kilichobaki ni jina lake kutajwa mahali, kidogo tu, na nimempa neno langu.

Denny sijamwambia. Ana mengi kichwani, na Jumamosi atakuwa analia hata hivyo. Kiitikio ni cha Loretta, sikigusi, nimeapa. Ni ubeti wa pili tu, pale ninapompokea.