Småland Isiitwe Ndogo Tena

Jumanne, 18 Juni
Ndugu zangu wapambanaji wa vizazi vijavyo, mtakaoisoma shajara hii: mapambano yameanza. Småland, jimbo letu hapa Uswidi, yaani nchi ndogo ndogo! Karne ngapi tumeitwa wadogo, tukanyamaza? Nimerudi kutoka chuo kikuu na waraka wa kudai jina jipya, Storland, Nchi Kuu. Zinahitajika saini mia moja. Ninayo moja. Yangu.

Jumatano, 19 Juni
Kila sikukuu ya kiangazi marehemu Babu Algot aliwahutubia wanakijiji juu ya asili ya jina letu. Mwaka huu hayupo. Bibi Gunborg ameniomba niisome karatasi ya hotuba yake, neno kwa neno, amsikie mzee mara moja tena. Nimekubali upesi mno. Jukwaa nimepewa bure. Nitausoma waraka.

Alhamisi, 20 Juni
Sixten, katibu wa chama cha urithi wa kijiji na adui wa maendeleo, amekataa kutia saini. Akaniambia: eti Halvar, mwanangu, ukuta wa mawe wa bibi yako umebomoka tangu Pasaka, nawe wataka nchi kubwa zaidi? Mawe yote hayo atayaokota nani?

Jumamosi, 22 Juni
Maafa. Sikukuuni ililetwa ostkaka, keki yetu ya jibini, nami kwa adabu nikachota pembeni. Ukumbi mzima ukanigeukia. Hapa huchotwa katikati. Hata mtoto wa chekechea anajua. Sixten akauliza kwa upole iwapo huko chuoni hula hata sahani. Vicheko. Bibi akanichotea ya katikati, akasema mwacheni, Algot naye alianzia pembeni siku ya posa.

Nikasimama. Waraka kulia, karatasi ya babu kushoto. Midomo ya Bibi ilikwisha kuanza sentensi ya kwanza.

Nikasoma ya babu. Kwamba hapo kale palikuwa na nchi ndogo nyingi, Finnveden, Värend, Njudung, kila moja na sheria zake. Kwamba jina si dharau, ni kumbukumbu ya majirani waliokubali kukaa pamoja. Bibi aliyafuata yote, bila sauti. Kisha akanishika mkono, hakuuachia hadi kahawa ikapoa.

Jumapili, 23 Juni
Nimetafakari. Babu alisema kweli: kila nchi ilikuwa na sheria zake. Basi Finnveden yetu iliporwa uhuru! Nimeandika tangazo la kujitenga. Bibi ametia saini bila kulisoma. Ameuliza tu kama posta itabaki. Mkutano wa kwanza wa ukombozi ni Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, jikoni kwa Bibi Gunborg.